Maji ya akiba kwa kiwanja cha ndege: kutoka foraji hadi gari la wazima-moto, kwa mfano wa Luano, Lubumbashi

Akiba haiozi, husema wazee. Maji huoza. Tangi lililojazwa siku ya uzinduzi na kufungwa kwa kufuli, miezi sita baadaye halina kloro, lina matope chini, na pampu yake imeganda. Ndiyo maana mwongozo huu unashikilia jambo moja tangu hesabu ya kwanza hadi vani (koki ya kufungia bomba) ya mwisho: maji ya akiba ya kiwanja cha ndege lazima yanyweke na yazunguke kila siku, kuran (umeme) ikiwepo au isiwepo, REGIDESO, shirika la maji la taifa, ikitoa au isipotoa. Mtambo unaosubiri siku ya shida, siku hiyo ndipo utakapogundua kwamba umekufa zamani.

Tumechukua kiwanja cha Luano kwa sababu ya ardhi yake. Lubumbashi imekaa juu ya mwamba wa dolomia, wenye maji mengi na hatari zake. Kiko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,300, na mvua zinanyesha tangu Novemba hadi Machi au Aprili. Idadi za abiria na matumizi utakazozikuta hapa ni mfano wa kukokotolea. Weka zako mahali pake.

Hesabu kwanza

Gawanya maji mafungu mawili tangu mwanzo, wala usiyachanganye kwenye karatasi: ya watu na ya kuzima moto.

Kwa watu, tuchukue abiria 1,500 kwa siku kwa lita 20 kila mmoja: lita 30,000. Wafanyakazi 400 kwa lita 45: lita 18,000. Jiko na mikahawa 5,000, usafi 5,000, maji ya kupakia ndani ya ndege 2,000. Jumla ni lita 60,000. Ongeza asilimia 15 ya mivujo, ambayo katika mabomba ya zamani ni makisio ya huruma, unapata karibu mita za ujazo 70 kwa siku.

Siku ya shida hutumii 70. Unafunga bustani, unasimamisha kuosha magari, unafunga choo kimoja kati ya viwili. Hesabu 45. Zidisha kwa siku 3 upate 135. Kwa nini siku 3? Pampu ya foraji, yaani kisima kilichochimbwa kwa mashine, ikiungua, siku ya kwanza inakwisha kutafuta kosa, ya pili kuivuta kutoka shimoni, ya tatu kushusha nyingine na kusafisha maji. Hesabu hiyo inasimama tu kama pampu nyingine iko tayari kwenye depo yako. Ukitegemea iagizwe Afrika Kusini na kupita mpakani Kasumbalesa, siku 3 zinageuka wiki.

Kwa moto, kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinakwenda kwa kategoria ya ukubwa wa ndege. Boeing 737-800 yenye urefu wa mita 39.5 inaangukia kategoria ya 7. Kwa povu la daraja B (moja ya madaraja ya ubora wa povu la kuzimia moto), magari lazima yabebe lita 12,100 za maji na yaweze kumwaga lita 5,300 kwa dakika. Piga hesabu hiyo vizuri: maji yote yanaisha kwa dakika 2 na ushee. Kwa hiyo kazi yako ni maji ya kuyajaza tena magari hayo, haraka. Weka mijazo miwili kamili, lita 24,200. Ongeza moto wa majengo kwa kipimo cha Kifaransa ambacho mafundi wetu wamekizoea: mita za ujazo 60 kwa saa, kwa saa 2, yaani 120. Jumla ya moto ni 144.

Kwa hiyo: 150 za watu, 150 za moto, tangi la 300. Lijengwe kwa vyumba viwili vya 150, kamwe si kimoja, la sivyo siku ya kuliosha kiwanja kinabaki bila kitu.

Mahali pa kuchimba foraji

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na huharibika kimyakimya. Watu huchimba karibu na jengo ili kuokoa mabomba. Kiwanja cha ndege si parseli (ploti) ya mtu. Chini yake kuna mambo manne ya kuogopa.

La kwanza ni mafuta. Depo ya kerosini, mabomba yake, karakana na maegesho ya magari. Katika udongo wa kawaida mafuta yanakwenda polepole. Katika dolomia yenye nyufa na mapango madogo yanaweza kusafiri mbali kwa muda mfupi, wala mchanga wa kuyachuja haupo. Chora ramani ya mteremko wa maji ya chini kwa kupima kina cha maji katika visima vya jirani, halafu chimba upande wa juu wa depo.

La pili ni uwanja ambapo wazima-moto hufanya mazoezi. Povu la zamani la AFFF lina kemikali za floro zisizooza. Zinazama, zinafika kwenye maji, na kloro haizigusi, wala kuchemsha. Kama kiwanja kimefanya mazoezi ya povu kwa miaka mingi mahali pamoja, hesabu eneo hilo na chini yake kuwa halifai kabisa kwa maji ya kunywa.

La tatu ni vyoo na fosi (mashimo ya maji machafu). Umbali wa mita 30 ambao kila mtu anautaja ulikusudiwa ardhi inayochuja. Juu ya dolomia usitulie nao. Nenda mbali zaidi, kila mara upande wa juu.

La nne ni pisti (barabara ya kurukia ndege) yenyewe, na hili halizungumzwi vya kutosha. Udongo unaofunika dolomia mara nyingi umeshikiliwa na maji yaliyojaza mapango chini yake. Ukivuta maji kwa nguvu, usawa unashuka, udongo unakosa mhimili, unachujikia ndani ya mapango, na siku moja ardhi inabonyea kwa ghafla. Shambani hilo ni shimo. Kando ya pisti ni janga. Weka foraji mbali na pisti, njia za ndege na maegesho yake, gawanya uvutaji kwenye foraji mbili badala ya moja yenye nguvu, na usiruhusu maji ya majaribio au ya mvua yatuame karibu. Kuna dalili moja ya kujifunza kuisoma: maji yakiendelea kutoka na udongo baada ya saa nyingi za kusukuma, udongo huo unatoka mahali fulani. Simamisha, punguza kasi, chunguza.

Kabla ya kuita mashine, fanya kipimo cha ukinzani wa umeme ardhini kwenye mistari angalau mitatu ili kutafuta nyufa zenye maji. Pata pia kibali. Sheria ya maji ya Kongo, namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015, inahusu maji ya chini pia, na RVA kama msimamizi wa kiwanja lazima iwe na michoro yako kabla ya tundu la kwanza. Nyaya za taa za pisti zimezikwa. Ukikata moja kwa mashine, umefunga kiwanja usiku ule.

Kuchimba na kupima

Pita udongo laini kwa kipenyo cha inchi 10 ukiwa na kesingi (bomba la kinga) ya muda, kisha ingia mwamba kwa nyundo ya hewa ya inchi 8 na nusu. Ukikuta pango, hewa inapotea na vumbi haliji juu. Mchimbaji mwenye haraka ataongeza hewa tu. Mwambie apunguze, atumie povu la kuchimbia, aandike kina cha kila upotevu, kwa sababu hapo ndipo maji yako yalipo.

Shusha PVC ya inchi 6 yenye ukuta mnene, na zile zenye matundu ya milimita 1 zikae mbele ya nyufa zinazotoa maji. Zungusha changarawe ya kwarzi ya milimita 2 hadi 4. Usikubali mawe ya chokaa wala kokoto za machimbo. Mita 10 za juu zibwe kwa bentonaiti na saruji. Kifuniko hiki cha juu ndicho kinachozuia maji machafu ya mvua kuteremka kando ya kesingi, na ndicho kinachorukwa zaidi kwa sababu hakionekani. Kesingi iinuke sentimita 50 juu ya sakafu ya zege ya mita 2 kwa 2.

Jaribio la uvutaji lifanywe Septemba au Oktoba, wakati maji ya chini yameshuka karibu na chini kabisa. Foraji iliyopimwa Machi itakupa namba nzuri itakayokudanganya mwaka mzima. Anza kwa hatua tatu au nne za saa 1 hadi 2, kila moja kwa kasi kubwa zaidi, kisha vuta kwa kasi moja kwa saa 72 mfululizo, kisha pima jinsi maji yanavyorudi. Kasi ya kila siku iwe kama theluthi mbili ya ile iliyohimiliwa.

Unahitaji mita za ujazo 70 kwa siku (kuanzia hapa, mita kwa saa au kwa siku ni mita za ujazo). Foraji mbili za mita 8 kwa saa zinatosha, kwani hata moja ikibaki peke yake inafanya kazi saa 9 tu.

Maabara ipime vitu vya kawaida: nitrati isizidi miligramu 50 kwa lita, E. coli isiwepo kabisa katika mililita 100. Halafu, kwa kuwa tuko Lubumbashi, jiji la viwanda vya shaba, omba bila kukosa shaba, kobalti, risasi, arseniki, kadmiamu na urani. Kwa kuwa ni kiwanja cha ndege, omba benzini na zile kemikali za povu. Rudia mwanzoni mwa mvua na mwisho wa kiangazi.

Pampu ya foraji na kuran yake

Tuseme maji yanaposukumwa yanasimama mita 45 chini, yanapanda mita 5 hadi mdomo wa tangi, na bomba la poliethilini la milimita 63 lenye urefu wa mita 250 linakula mita 6 kwa msuguano. Jumla ni mita 56. Kwa mita 8 kwa saa na ufanisi wa asilimia 55, unahitaji kilowati 2.2 kwenye mhimili. Nunua mota ya kilowati 3. Ukiiwasha moja kwa moja bila kifaa cha kuianzisha polepole, jenereta isiwe chini ya kVA 15. Kumbuka pia kwamba kwenye mwinuko wetu injini ya mazutu (dizeli) isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibao chake.

Kinachoua pampu hapa ni kuran, kuliko mchanga na uzee. Fazi moja (waya mmoja kati ya mitatu ya kuran) inapotea, mota inaendelea kunguruma kwa mbili, na dakika chache baadaye imeungua. Au volti zinashuka jioni mji mzima unapopika. Weka relei inayokata fazi ikikosekana au volti zikitoka nje ya asilimia 10, na iwe na ucheleweshaji wa dakika 5 kabla ya kurudisha. Weka elektrodi za kukata pampu maji yakishuka, na kinga ya radi kwenye ubao na juu ya foraji. Radi za Desemba hazichagui. Vifaa hivi ni sehemu ndogo ya bei ya pampu moja.

Paneli za jua zinafaa sana kusaidia foraji, lakini mahali pake paidhinishwe kwanza ili mng'ao usimpige rubani machoni.

Tangi

Vyumba viwili, kila kimoja mita 10 kwa 5, maji yakiwa na kina cha mita 3. Nusu ya chini, mita 1.5, ni ya moto. Swali ni jinsi ya kuilinda bila kuiacha ioze, kwa sababu ukichukua maji ya watu kwenye kimo cha mita 1.5 tu, yale ya chini hayatasogea kamwe.

Suluhisho ni rahisi. Bomba la kuvuta maji ya watu litoke ukutani kwa kimo cha mita 1.5, lakini ndani ya tangi lipinde na kushuka hadi karibu na sakafu. Juu ya pindo hilo toboa tundu la milimita 20. Pampu inavuta maji ya chini kila siku, kwa hiyo akiba ya moto inabadilishwa daima. Maji yakishuka hadi mita 1.5, tundu linaingiza hewa, uvutaji unakatika, na ya moto yanabaki. Kagua tundu kila mwaka. Likizibwa na kutu au chokaa, watu watakunywa akiba ya kuzima moto bila mtu kujua. Bomba la kuingiza lifikie kona ya upande wa pili, ili maji yavuke chumba chote.

Maji ya REGIDESO yaingie kwa kuanguka kutoka juu, mdomo wa bomba ukiwa juu ya usawa wa kumwagikia kwa angalau vipenyo viwili vyake. Usiliunganishe moja kwa moja na mtandao wako kwa kutegemea klapeti (kilango cha kuzuia maji yasirudi nyuma). Klapeti huvuja, na siku mtandao wa mji ukiwa mtupu, maji yako, pengine pamoja na povu la gari la wazima-moto, yatafyonzwa kurudi kwenye nyumba za watu. Kwa sababu hiyohiyo gari lijazwe kutoka juu au kupitia kizuizi cha kweli cha kurudi nyuma.

Tangi lifunikwe kabisa, na maji ya kumwagikia yaende kwenye mfereji uliofunikwa. Dimbwi la wazi linaita ndege wa angani, na ndege mmoja ndani ya injini anatosha.

Ongeza mnara wa mita za ujazo 30 kwenye kimo cha mita 15. Unatoa bari 1.5 bila kuran yoyote, na kwa matumizi ya dharura unakupa saa 16 za kuhangaika na jenereta bila vyoo kukauka. Angalia tu unapousimamisha: kwa pisti ya vyombo (ambayo rubani hutua kwa kufuata vyombo vyake) ya namba 4 (daraja la pisti ndefu), uso wa kinga, yaani mteremko wa kuwaza ambao jengo halipaswi kuutoboa, unaanza mita 140 kutoka mstari wa kati na kupanda mita 1 kwa kila 7. Mnara ambao pamoja na taa yake nyekundu unafika mita 20 usiwe karibu kuliko mita 280.

Pampu za kusambaza ziwe mbili, kila moja mita 12 kwa saa kwa kimo cha kusukuma cha mita 35, zikipokezana zenyewe kila siku. Za moto ziwe mbili za mita 60 kwa saa, moja ya umeme na moja ya mazutu yenye betri yake. Zote zikae chini ya usawa wa maji. Hapa kwetu hewa ni nyepesi, na pampu inayofyonza kutoka chini inakata mapema kuliko vitabu vya pwani vinavyosema.

Kloro

Kwa mita 70 kwa siku na kipimo cha miligramu 1 kwa lita unahitaji gramu 70 za kloro, sawa na gramu 108 za HTH (kloro kavu ya kukoroga) ya asilimia 65. Koroga gramu 15 za HTH kwa kila lita upate dawa ya asilimia 1, iache itulie, tumia ya juu iliyo safi. Utadunga lita 7 kwa siku. Baada ya dakika 30 pima: isiwe chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Kwenye robine (bomba la kuchotea) ya mbali zaidi, na pale ndege zinapopakiwa maji, isishuke chini ya 0.2.

Maji ya dolomia ni magumu. Chokaa inaziba ncha ya kudungia ndani ya wiki chache, pampu ndogo inaendelea kupiga, dawa haiingii, na hakuna anayejua. Ioshe kila wiki kwa siki, baada ya kuisuuza vizuri kwa maji. Asidi ikikutana na HTH inatoa gesi inayoua.

Kwa foraji mpya, tumia miligramu 50 kwa lita. Mita 40 za maji ndani ya inchi 6 ni kama lita 700; zidisha mara mbili kwa ajili ya changarawe. Ni gramu 110 za HTH, ziache usiku mzima, kisha mwaga mbali hadi harufu iishe.

Ratiba inayoweka mtambo hai

Kila siku foraji zote mbili zifanye kazi, hata kama REGIDESO inatoa vizuri. Andika konta (mita ya maji), volti, kina cha maji na kloro kwenye daftari. Foraji ambayo ampea zake zinapanda polepole huku maji yakipungua inakuaga. Vuta pampu kabla haijaamua yenyewe.

Kila wiki washa jenereta kwa dakika 30 ikibeba mzigo wa kweli, na pampu ya moto ya mazutu mpaka ipate joto. Jenereta inayowashwa bila mzigo haijapimwa. Pima mazutu kwa fimbo, usitegemee daftari.

Kila mwezi, mara moja, funga vani ya REGIDESO asubuhi hadi asubuhi ya pili na uendeshe kiwanja chote kwa akiba. Wajulishe mikahawa na wazima-moto. Siku hiyo ndipo vani iliyokwama, relei mbovu na funguo iliyopotea zitajitokeza, ukiwa na mafundi wote kazini.

Kila miezi sita osha chumba kimoja cha tangi. Kwanza tangaza kwamba chumba kilichobaki chote ni cha moto, na maji ya watu yatoke kwenye mnara unaojazwa moja kwa moja na foraji. Sugua, nyunyiza kuta kwa dawa ya miligramu 200 kwa lita, subiri dakika 30, suuza. Mtu asiingie peke yake, na feni ya hewa iwashwe kabla.

Katika depo ziwepo daima: pampu na mota kamili, mita 60 za waya wa milimita za mraba 4, vifaa vya kuunganishia waya majini, klapeti mbili, relei mbili, elektrodi, pampu ya kudungia kloro, na HTH ya miezi miwili mahali pakavu mbali na mafuta. Weka pia mkataba wa maandishi na wenye malori ya maji: lori la mita za ujazo 10 maana yake ni safari 5 kwa siku, na kila shehena ipimwe kloro kabla ya kumiminwa.

Mwisho, chukua gari la wazima-moto hadi kwenye bomba la kujazia na uunganishe mpira. Mabomba yaliyofungwa kwa desturi ya Kifaransa yana viungo vya Guillemin. Magari mengi yaliyotoka kwingine yana Storz, na viwili hivyo havishikani. Nunua adapta, ifunge kwa mnyororo kwenye kila bomba, kisha pima kwa saa: kwa mita 60 kwa saa, gari la lita 6,000 lazima lijae ndani ya dakika 6. Likichukua 10, kuna vani iliyofunguliwa nusu mahali fulani. Itafute leo.